Nenosiri la Anaclet

Kompyuta ya fleti yetu tuliinunua watu wanne, lakini aliyeijua alikuwa mmoja tu, Anaclet. Tulikaa ghorofa ya saba, Albert Park, Durban, kaya nne ndani ya fleti moja: vyumba viwili vya kweli, na sebule iliyokatwa kwa mbao ikawa vyumba vingine viwili. Kompyuta tuliiweka koridoni, juu ya meza ya cherehani, na kila aliyekwenda kuoga alipita nyuma yake. Ukiandika barua, watu watatu wanaisoma wakiwa na taulo begani.

Ndiyo maana Anaclet, siku ya kwanza tu, alimfungulia kila mtu akaunti yake na nenosiri lake. Alikuwa mtu wa Kalemie, mpole, mwenye sauti ya padri. Kwao alisomea mambo ya kompyuta. Hapa alikuwa akishusha magunia sokoni. "Kila mtu na mlango wake na ufunguo wake," alituambia. "Mimi nitakuwa msimamizi, maana lazima mmoja awe." Tangu hapo, ukitaka kuweka programu mpya unamwita, anainama juu ya bega lako, anaandika neno lake haraka haraka, programu inaingia. Hakuna aliyewahi kumuuliza neno lenyewe ni lipi. Ingekuwa kama kumuuliza mtu ana nini mfukoni.

Mwezi wa nne alishikwa na homa, akalazwa siku tisa, akafa. Tukamzika Alhamisi, mvua ikinyesha, na shati lake la kazi likabaki limeanikwa kwenye kibaraza wiki nzima kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake atalianua.

Miezi miwili ikapita. Sisi tulitumia kompyuta kwa vile vilivyokuwemo, na haikumpitia mtu akilini kwamba Anaclet ameondoka na kitu chetu.

Aliyekuja kugundua ni Henriette. Sisi tunamwita Mama Larissa, kwa jina la binti yake. Kwao Uvira alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na moja. Hapa Durban vyeti vyake havikumfikisha popote. Siku tatu kwa wiki alisafisha nyumba Westville, na siku zilizobaki alinisaidia kusuka nywele, kwani mimi, Colette, nina kiti changu katika saluni moja Overport. Kwa miaka miwili alikuwa akisomea kazi ya msaidizi wa duka la dawa kwenye chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha kwa mtandao. Alisomea kwenye simu. Nilimwona akisoma ndani ya teksi, nilimwona akisoma akikoroga fufu, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Mwenye duka la dawa jirani na saluni yetu alimwambia akileta cheti kabla ya mwisho wa Agosti atampa nafasi, kwa sababu msaidizi wake wa zamani alikuwa anahama.

Ulibaki mtihani wa mwisho tu, Jumamosi saa nne asubuhi, katikati ya Julai. Huo haukufanyika kwenye simu. Chuo kilitaka kompyuta yenye kamera, na ndani yake iwekwe programu yao inayofunga kila kitu kingine na kumtazama mtahiniwa usoni mpaka amalize. Asiyekuwepo siku hiyo alirudi mwanzo wa kozi.

Jumapili kabla ya wiki ya mtihani, Mama Larissa alitoka kanisani, akavua viatu, akakaa koridoni kuiweka ile programu. Mimi nilikuwa jikoni, hatua nne kutoka kwake. Haikupita muda akaniita.

"Colette, njoo uone."

Kompyuta ilikuwa imekataa. Ilisema akaunti yake haina ruhusa ya kuweka programu, na kwamba msimamizi aandike nenosiri lake. Juu ya kile kisanduku cheupe kulikuwa na jina: Anaclet. Na picha yake ndogo, ile aliyopiga akiwa amevaa tai ya kuazima.

Tulijaribu. Jina la mama yake, tulilolisikia kwenye mazishi. Kalemie. Mwaka aliozaliwa. Jina la yule msichana aliyekuwa akimwandikia kutoka Lubumbashi. Kila mara ikakataa, na baadaye ikatufungia hata kujaribu. Mama Larissa akafunika kioo kwa kitambaa cha meza, kama mtu anavyofunika chakula, akaingia chumbani kwake.

Jumatatu alikwenda kwenye duka la intaneti lililo karibu na roboti, zile taa za magari, pale chini. Mwenyewe akamwambia hakuna anayeruhusiwa kuweka kitu kwenye mashine zake, na hata ukiweka zinajifuta zikizimwa. Jumanne akaomba kule Westville anakosafisha. Yule mama mwenye nyumba ni mtu mwema. Alimfungulia kompyuta yake mwenyewe juu ya meza ya chakula, akavuta kiti akakaa naye. Ikakataa vilevile. Ilikuwa ya kampuni anayofanyia kazi. Akawapigia simu mafundi wa ofisini, wakamwambia haiwezekani.

"Hata yeye hana ruhusa," Mama Larissa aliniambia jioni, akicheka kicheko kisichokuwa chake. "Ile nyumba yote, na mti na mbwa, lakini kompyuta ni ya watu wengine."

Jumatano akawaandikia chuo kuomba siku nyingine. Wakakataa, kwa barua ile ile wanayomjibia kila mtu.

Ikabidi tumwite Prodige, mtu mzima mwenye wanawe, anayetengeneza simu kwenye duka la chini ya jengo letu. Alikuja Alhamisi kwa dakika chache, akaahidi kurudi, akarudi Ijumaa saa nane mchana na mfuko wake wa vifaa. Alifungua, akazima, akawasha, akaingiza flash yake, akatikisa kichwa.

"Ndugu yenu alikuwa anajua kazi," alisema. "Diski yenyewe ameifunga. Kama ingekuwa wazi, mimi ningepitia nyuma. Sasa njia iko moja: kufuta yote na kuanza upya, kama kompyuta imetoka dukani."

"Na vitu vyetu?" nikamuuliza.

"Kila mtu aingie kwake na nenosiri lake, achukue vyake kwa flash. Vyote. Mimi nikishafuta, hakuna fundi wa kuvirudisha. Hata Joburg hayuko."

Nikaingia, nikachukua picha zangu za mitindo ya nywele. Mama Larissa akachukua masomo yake na ripoti za shule za Larissa. Vya Anaclet tulikubali viende naye. Ikabaki akaunti moja, ya Papa Bizimana.

Hapa lazima nieleze Bizimana ni nani. Ni Mrundi wa Makamba, mwenye miaka hamsini na kitu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekaa peke yake kwenye chumba kidogo kuliko vyote. Kesi yake ya ukimbizi ilikataliwa mara ya kwanza, akakata rufaa, na mwanasheria wa msaada akamwambia aandike maisha yake yote yaliyomkimbiza, tarehe kwa tarehe. Aliandika mwaka mzima na zaidi, kila Jumapili baada ya misa, kwa kidole kimoja, akivaa shati safi kama anakwenda kuonana na mtu. Ndani ya ile akaunti zilikuwemo pia picha alizotumiwa na shemeji yake Alain: nyumba iliyochomwa, cheti cha kifo cha mwanawe Arnaud, barua yenye mhuri wa tarafa. Aliziingiza kompyutani mwaka jana, na wiki mbili baadaye akaporwa simu karibu na stesheni. Sote tulizijua zile picha. Tulizipita tukienda kuoga.

Wiki ile Bizimana hakuwepo. Alikuwa na kontrakta upande wa Empangeni, wakipandisha mapaa ya maghala, na angerudi Jumapili.

Mama Larissa alimpigia. Simu haikupatikana. Akangoja kidogo, akapiga tena. Mara hii ikaita mpaka ikakata yenyewe. Ilikuwa inakaribia saa kumi. Prodige aliangalia saa yake, kwa sababu kazi yenyewe ya kufuta na kuweka upya ilikuwa ya saa kadhaa na alikuwa ameacha duka na mtu.

"Huyu mzee ana kitu humu?" akauliza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi. Mama Larissa hakunitazama.

"Vyake viko salama," akasema. "Alishamtumia mwanasheria."

Nilijua si kweli. Jumapili iliyopita tu Bizimana alikuwa ameniuliza neno "mpaka" kwa Kifaransa linaandikwaje, na akasema bado ukurasa mmoja ndipo atume. Mama Larissa naye alikuwepo, akipiga pasi. Lakini nilimtazama mikono yake, ile ngozi iliyopasuka kwa sabuni, nikafikiria miaka miwili ya kopo la chumvi, nikasema moyoni labda Bizimana alituma usiku ule ule, kabla ya kusafiri, bila kutuambia. Nikarudi kwenye sufuria.

Mama Larissa aliitia simu yake mfukoni. Hakupiga mara ya tatu.

"Sharp, sawa," akasema Prodige, na akaanza.

Saa kumi na moja na nusu, mashine ikiwa inahesabu asilimia, simu ya Mama Larissa ililia. Ilikuwa Bizimana. Alikuwa juu ya bati tangu asubuhi, akasema, ndiyo kwanza ameshuka, ameona amepigiwa mara mbili. Kuna nini nyumbani? Mama Larissa alikuwa ameweka spika, nikasikia upepo upande ule na watu wakiongea Kizulu.

"Hakuna kitu, Papa," Mama Larissa akamwambia. "Nilitaka kukusalimia tu. Kesho nina mtihani."

"Ee, Mungu akusaidie," Bizimana akasema. "Nitakuombea."

Jumamosi tulikaa kama watu wenye mgonjwa. Hakuna aliyeoga, hakuna aliyevuta maji chooni. Mama Larissa alikaa koridoni mbele ya kamera kwa muda wa saa tatu nzima na hakugeuza shingo. Programu ya chuo ilifanya kazi bila tatizo. Alipomaliza alibaki amekaa pale pale, mikono juu ya magoti, na alipoinuka sketi ilikuwa imelowa jasho.

Bizimana alirudi Jumapili mchana na mfuko wa maparachichi, akatugawia kila mlango. Akaoga, akavaa shati lake, akaketi. Kwenye kioo palikuwa na jina moja tu, Henriette.

"Mimi niko wapi?" akauliza.

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilisema kompyuta ilikufa, Prodige akaifufua, na vitu vyetu vingi vimepotea. Maneno yalitoka mepesi kabisa. Mama Larissa alikuwa nyuma ya mbao, na alisikia. Bizimana akabonyeza hapa na pale, akafungua kila kilichofunguka, kwa kile kidole kimoja. Alikaa mpaka wenzake wa kwaya walipokuja kumwita.

Siku nne tuliishi hivyo. Alikuwa anapika, anakula, anatuamkia. Alhamisi, aliporudi kutoka kazini, akapita dukani kwa Prodige kuuliza kama kuna dawa yoyote. Prodige hakuwa na sababu ya kuficha. Alimwambia ilivyokuwa, na kwamba yeye aliuliza kwanza.

Bizimana akapanda ngazi za ghorofa zote saba, maana lifti ilikuwa mbovu, akagonga ubao wa Mama Larissa.

"Mama Larissa. Ijumaa ulinipigia simu."

"Nilikupigia, Papa."

"Na mimi nikakupigia."

"Ndiyo."

"Ukaniambia unanisalimia."

Mama Larissa alikuwa amesimama, ameshika kitasa. Larissa alikuwa kitandani nyuma yake na daftari lake.

"Ilikuwa imeshafutwa," akasema. "Nilijua hujatuma. Nilimwambia Prodige umetuma. Nilijua."

"Saa moja na nusu," Bizimana akasema. "Ungengoja saa moja na nusu, ningekutajia nenosiri. Ni Arnaud tu. Hata bila namba."

Akaingia chumbani kwake. Hakuna aliyemsikia akilia wala kugombana na mtu. Kesho yake alikwenda kazini.

Majibu ya mtihani yalitoka Jumanne iliyofuata. Mama Larissa alikuwa amefaulu, na vizuri. Alinionyesha kwenye simu, tukiwa saluni, nikiwa na kichwa cha mteja mikononi. Siku hiyo hiyo jioni alimwendea Bizimana na daftari jipya. Akamwambia atamwandikia yote upya. Yeye aseme tu, atapiga kompyutani kwa vidole kumi, na hatalala mpaka iishe. Nilidhani atamfukuza. Bizimana akamvutia kiti.

Wakaandika Jumapili tano. Mwanzoni ilikwenda. Nikipita nilisikia sauti yake ikitaja vilima, majina ya watu, rangi ya gari. Kisha ikaanza kusimama. Alisema tarehe, akairudisha. Alisema ni wanaume wanne walioingia uani, Jumapili iliyofuata akasema watano. Siku moja akamwekea Mama Larissa mkono juu ya vitufe ili asiendelee.

"Ile ya kwanza niliandika nikiwa nakumbuka mambo," akasema. "Sasa nakumbuka yale niliyoandika. Siyo kitu kimoja. Nikifunga macho naona ukurasa."

Picha hazikupatikana. Namba ya Alain haikuita tena. Mtu mmoja wa Makamba alisema alivuka kwenda Tanzania, mwingine akasema amekufa. Kule tarafani hakukuwa na wa kumwendea bila kujiletea shida upya.

Kikao cha rufaa kilikuwa mwezi wa tisa. Mama Larissa aliomba ruhusa kazini, siku ya kumi tu tangu aanze, akamsindikiza. Mama Larissa akaachwa nje kwenye foleni. Bizimana alikaa ndani muda mfupi kuliko tulivyotarajia. Walimsomea alichosema alipofika nchini, wakamsomea kilichoandikwa sasa, wakamuuliza kwa nini tarehe haziko sawa, na kwa nini mtu aliyepoteza mwana hana karatasi ya kifo chake. Aliwaambia alikuwa nayo kwenye kompyuta. Wakamuuliza kompyuta iko wapi.

"Ukawaambia nini?" Mama Larissa alimuuliza kwenye teksi ya kurudi.

"Niliwaambia iko nyumbani."

Jibu lilikuja mwezi wa kumi na moja. Rufaa imekataliwa. Mwanasheria alisema iko njia nyingine ya mahakama, ndefu, na angejaribu, lakini hakuangalia mtu usoni aliposema.

Mama Larissa sasa huvaa koti jeupe. Anafungasha dawa, anaandika maelekezo, anawaeleza wazee wa Kikongo kwa Kiswahili na wateja wengine kwa Kiingereza na kwa Kizulu kidogo. Larissa ana viatu vipya vya shule. Sijamsikia Mama Larissa akijisifu hata siku moja. Akifika nyumbani anavua lile koti kabla hajafungua mlango, analikunja ndani ya begi, ndipo anaingia.

Desemba, Bizimana alikwenda dukani kwao na karatasi ya daktari; presha yake ilikuwa imepanda. Mimi nilikuwa nimeegemea kaunta, nimekwenda kumpelekea Mama Larissa chakula. Zamu ilikuwa yake. Akaisoma karatasi, akachukua boksi, akaandika.

"Kimoja asubuhi, baada ya kula," akamwambia. "Usiruke hata siku moja, Papa. Chumvi upunguze."

"Baada ya kula," Bizimana akarudia.

"Na ukisikia kizunguzungu, rudi hapa. Usingoje."

"Asante, Mama Larissa."

Akachukua mfuko wake akatoka. Chakula nilichoweka kaunta Mama Larissa hakukigusa. Aliita mteja aliyefuata.

Mwezi wa pili Bizimana aliondoka Durban na lori la mtu wa nyumbani kwake, kuelekea Msumbiji. Aliniaga mimi asubuhi, akanikabidhi ufunguo wa chumba, akaniomba nimsalimie Mama Larissa na Larissa, ambao walikuwa wameshatoka. Nilimshika mkono muda mrefu. Nilitaka kumwambia kwamba ile Ijumaa nilikuwa nimesimama pale jikoni, nikasikia yote, na nikanyamaza. Chini dereva alipiga honi mara mbili. Nikamwambia safari njema.